MVI SI USHAHIDI



Hii ya leo ni ndefu. Soma mpaka mwisho, ukitaka kukasirika kasirika baadaye.

Kijana akichukuliwa usiku na watu wasiojulikana, sisi tunajua la kufanya. Tunasambaza picha yake, tunaandika jina lake, tunafuatana na mamake kituoni, tunaita wanahabari. Ijumaa inayofuata mabango yako nje ya msikiti. Hivyo ndivyo inavyotakiwa na hatutaacha.

Sasa mzee wa miaka sabini akikatwa mapanga amelala kitandani kwake, hapa hapa Kilifi, tunafanya nini? Tunauliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Kwani alikuwa na hayo mambo?"

Hayo mambo. Hata neno lenyewe tunaogopa kulitaja. Uchawi. Utsai. Na ukiuliza hivyo, ndugu yangu, dada yangu, tayari umeshatoa hukumu. Umesema kwamba kama alikuwa nayo, basi walau kifo chake kina maelezo. Hakuna anayeuliza hivyo kuhusu kijana aliyepotezwa. Tunasema hata kama ana kosa apelekwe kortini. Mbona mzee hatumpi hiyo korti?

Ganze, Bamba, Vitengeni, Kaloleni, Magarini, mpaka huku kwetu Dabaso, Gede na Matsangoni, hakuna asiyezijua hizi habari. Kule Kaya Godoma, Ganze, kuna mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao, chini ya chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA. Hebu lifikirie hilo. Mtu ana watoto, ana wajukuu, ana minazi aliyoipanda kwa mkono wake, halafu anazeekea kwenye kambi kwa sababu watoto hao hao ndio anaowaogopa. Mkimbizi ndani ya kaunti yake. Hakuvuka mpaka wowote, amevuka miaka sitini tu.

TUANZE NA ARDHI, KWA SABABU NDIPO MAMBO YALIPO

Mnaosema hii ni mila, nisikilizeni. Mila ya Mijikenda ni mzee kuheshimiwa. Kaya zote zilikuwa chini ya wazee. Kijana alikuwa hapiti mbele ya mzee amekaa bila kusalimu. Leo mvi zimekuwa ndio ushahidi. Kilichobadilika ni nini katikati hapo?

Bei ya shamba.

Angalia inavyokwenda. Shamba liko kwa jina la babu aliyekufa zamani, au halina hati kabisa. Halijagawanywa. Mzee aliyebaki ndiye anayejua mipaka, ndiye anayejua nani alipewa kipande gani na kwa nini. Mnunuzi anakuja, maana kutoka Mida mpaka Watamu kila mtu anataka kiwanja. Vijana wanataka kuuza. Mzee anasema hapana, hili ni la wajukuu. Mwezi haujaisha, mtoto anaugua. Mtu anakwenda kwa mganga, anarudi na jina. Na jina, kwa ajabu ya Mungu, ni la yule yule mzee aliyesema hapana!

Hebu jiulize: mbona mganga hajawahi kumtaja mzee asiye na shamba la kugombaniwa? Sisemi kila kesi ni ya ardhi. Ziko za wivu, ziko za uchungu wa kweli wa mzazi aliyezika mtoto. Lakini ukitaka kujua nani aliyefaidika, usiende makaburini. Nenda kaangalie nani analima hapo baada ya mahanga.

Na hapa kuna jambo nataka kila mtu alijue. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 96, inasema aliyemuua mtu hana haki ya kupata fungu katika mali ya huyo aliyeuawa. Sheria yetu ya Kiislamu ni hivyo hivyo, muuaji harithi. Sheria mbili, neno moja. Basi ukiona watu wanagawana shamba la mzee aliyeuawa na uchunguzi haujafika popote, usikae kimya eti ni mambo ya familia. Huo ni wizi umekaa juu ya damu.

UGONJWA UNA MAJINA

Natoka kwenye ardhi naingia kwa huyo mtoto anayeugua, kwa sababu uchungu wa wazazi si wa kuchezea.

Pwani yetu ina malaria, na ina selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto analia viungo, anavimba mikono na miguu, anaishiwa damu. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, lakini kila mmoja amebeba hiyo chembe bila kujua. Wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa nao. Si mtoto wa kwanza tu au wa mwisho tu, kila mimba. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuzika watoto wawili, watatu, na nyumba ya jirani isizike hata mmoja. Mtu asiyejua atasema tumelogwa. Anayejua atawapeleka watoto wote wakapimwe damu. Watafiti wa KEMRI wako Kilifi pale hospitali tangu 1989, malaria na selimundu ni katika mambo waliyoyasoma miaka na miaka. Jibu liko Kilifi mjini na sisi tunalitafuta kwenye kibuyu.

Sasa upande wa mzee mwenyewe. Ana macho mekundu. Ndiyo, amepika kwa kuni miaka hamsini katika jikoni isiyo na dirisha! Kule Usukumani, Tanzania, wanawake wazee wengi wameuawa kwa sababu hiyo hiyo ya macho mekundu, na sababu ya macho ni moshi. Mzee anaongea peke yake. Anasahau majina. Usiku anatoka nje, anapotea, asubuhi anakutwa uani kwa watu, pengine hana nguo. Watu wanapiga kelele: mchawi ameanguka! Ndugu zangu, huo ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Ubongo unachoka. Jioni ndiyo unazidi kuchanganyikiwa, na kutangatanga ni katika dalili zake. Mtu huyo anahitaji kushikwa mkono arudishwe kwake. Sisi tunamrekodi kwa simu.

Na wewe uliyeituma hiyo video kwenye grupu la familia, umeshiriki. Usijifiche. Julai 2020 kule Ghana, kijiji cha Kafaba, bibi wa miaka 90, Akua Denteh, alipigwa mchana kweupe mbele ya watu mpaka akafa, na watu wakapiga video. Oktoba 2021 hapa Kenya, Marani kule Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa tuhuma hizi hizi. Kabla ya hapo, Mei 2008, Kisii hiyo hiyo, watu kumi na mmoja walichomwa. Kila mahali inaanza na jina kutajwa. Watu wanaliacha jina litembee, na likishatembea vya kutosha linafika kwa mwenye panga.

SISI WENYE KOFIA HATUJAPONA

Najua wengine wenu mnasema, hayo ni ya Wagiriama, sisi Waislamu hatuna hayo.

Wallahi hilo neno linaniudhi kuliko yote. Kwanza, hapa Dabaso Mgiriama na Mwislamu ni mtu mmoja katika nyumba nyingi. Pili, nani asiyemjua mwalimu fulani anayefungua kitabu, anayehesabu nyota, anayemwambia mama wa watu "adui yako yuko karibu, ni mtu mzima, ni mwanamke, ana uhusiano na mumeo"? Hajataja jina, ni mjanja. Lakini mama akitoka pale anajua tayari ni mama mkwe. Ramli ni ramli, hata ikisomwa kwa Kiarabu. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza, sala zake hazikubaliwi siku arubaini. Na Suratul Hujurat imetuamuru kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta. Uchunguzi wa mganga unafanyika lini? Shahidi wake nani? Anaulizwa na nani?

Maimamu wetu, kwa heshima zote, na mimi ni mdogo kwenu kwa umri na kwa elimu: tumesikia khutba nyingi za haki za wazazi, na Suratul Israa tunaijua, hata kuwaguna wazazi tumekatazwa. Tunaomba khutba moja tu inayosema waziwazi kwamba kumtaja mzee wa watu kuwa mchawi ni kumwaga damu yake. Na wachungaji pia, maana ziko ibada ambazo mtabiri anasimama anasema "naona bibi mmoja katika ukoo wenu". Huyo naye ni mganga, amevaa suti.

Tanzania waliona madhara haya, mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli, na wakawapatia jina zuri sana: ramli chonganishi. Ramli inayochonganisha. Tulichukue hilo jina tulilete huku.

SHERIA IPO, IMELALA

Watu wengi hawajui hili. Kenya ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, tangu 1925, wakati wa mkoloni. Ina mengi ya kulaumiwa. Lakini kifungu cha 6 kinasema kumshutumu mtu kuwa ni mchawi, au kumtishia kwamba utamshutumu, ni kosa, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano. Soma tena. Si kuua tu. KUSHUTUMU. Yule anayesimama mahangani anasema "huyu ndiye aliyetumalizia watoto" ameshavunja sheria kabla hajagusa panga.

Kifungu hicho kinamwacha nje anayepeleka shutuma kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Hapo ndipo mlango ulipo wazi, na watu wanaupita. Wanampeleka mzee barazani, anasomewa mashtaka yasiyo na shahidi, anaambiwa aape, anaambiwa ahame kijiji "kwa usalama wake". Chifu si hakimu. Kumhamisha mzee kwake ni kumpa ushindi yule aliyemtishia. Anayetakiwa kuitwa barazani ni aliyetishia.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, imewataja wazee kwa jina: waishi kwa hadhi na heshima, wasidhulumiwe, wapate matunzo kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Familia NA Serikali, wote wawili. Serikali inawapa waliotimiza miaka sabini shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii. Tunashukuru. Lakini mzee aliyekimbia usiku bila kitambulisho atazifuata hizo pesa vipi? Na bibi akikimbia, hakimbii peke yake. Wangapi hapa wamelelewa na nyanya? Bibi akitoroka, wajukuu wanaacha shule, wale waliobaki nyuma wanaitwa watoto wa mchawi, msichana anakosa hata posa. Unamuua mmoja, unavunja nyumba nzima.

Mwaka jana tulikaa na mama mmoja mjane, kijiji sitakitaja. Mumewe alikufa, miezi michache baadaye mpwa wa mumewe akapata ajali ya pikipiki. Pikipiki, barabarani, usiku, bila taa! Familia ikasema ni yeye. Akatupiwa karatasi mlangoni imeandikwa siku zake zinahesabika. Akaipeleka kwenye kituo kimoja cha polisi, akaambiwa mambo ya nyumbani malizeni nyumbani. Alirudi na ile karatasi ameifunga kwenye upindo wa leso.

Tulichofanya si ajabu. Tulirudi naye kituoni tukiwa watu saba, wanne ni wanawake wa chama chake. Tukaomba nambari ya OB na hatukuondoka mpaka ikaandikwa. Kisha imamu, mchungaji na wazee wawili wakaenda kwa familia ya mume wakakaa nao, wakawaambia wazi: huyu mama akikwaruzwa tu, majina yenu yako kituoni. Wanawake wakapanga zamu ya kulala kwake, wawili wawili, miezi miwili. Mpaka leo yuko kwake, analima. Hatukuwa na ofisi wala mfadhili. Tulikuwa na watu saba na leso za kutandika chini.

"LAKINI UCHAWI UPO"

Nilijua utasema. Hata Qurani imetaja uchawi, utaniambia. Sawa. Sibishani na wewe kuhusu upo au haupo. Nakuuliza wewe umejuaje kwamba ni HUYU. Kuamini kwamba wizi upo hakukupi ruhusa ya kumchoma kila unayemshuku. Mwenye kujua yaliyofichika ni Mungu peke yake, na yule kijana anayelipwa vijisenti akamkate mzee hajui lolote, hata sababu ya kutumwa hajaambiwa yote.

Utaniambia pia, hawa wazee wengine wana midomo mibaya, wanatisha watu. Kweli wako wazee wakali. Uzee una uchungu wake, na upweke unafanya mtu awe mkali zaidi. Ulimi mbaya unajibiwa kwa ulimi, au kwa kuondoka. Haujibiwi kwa panga.

Na utaniambia, ukiwatetea nawe utaitwa mmoja wao. Hilo ndilo la kweli kuliko yote, na ndilo linalotufunga midomo. Ndiyo maana nasema usitetee peke yako. Mtu mmoja ataitwa mchawi. Watu saba wataitwa kamati.

Malindi tumeweka sanamu ya Mekatilili wa Menza. Tunamsifu kwa kuwasimamisha Wagiriama mwaka 1913 dhidi ya Mwingereza, kwa kukamatwa, kupelekwa magharibi kabisa mwa Kenya na kurudi kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti na bado hawakumnyamazisha. Alikuwa nani huyu? Mjane, mtu mzima, mwanamke wa maneno makali, aliyewaapisha watu viapo, aliyekataa ardhi na vijana wa kwao wachukuliwe. Niambie kwa ukweli: mwanamke kama huyo akiwa Ganze leo, akikataa shamba lisiuzwe, tungemchongea sanamu au tungemwandikia karatasi ya mlangoni?

TUNATAKA NINI

Kwa polisi: kila tishio kwa mzee liandikwe OB siku hiyo hiyo. Msingoje maiti. Na kifungu cha 6 kitumike kwa mshutumu wa kwanza, watu waone.

Kwa machifu na Nyumba Kumi: mnawajua wazee waliotishiwa, mnawajua kwa majina. Mkutano wa kijiji uitwe kwa ajili ya kuwalinda.

Kwa serikali ya kaunti: zahanati zetu zipime selimundu kwa watoto na zijue ugonjwa wa kusahau. Wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wafundishwe kuwaeleza watu hayo mawili kwa Kigiriama na Kiswahili.

Kwa familia: gawanyeni ardhi mzee akiwa hai na akili zake timamu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi, na wanawake wakiwemo. Waislamu, kadhi yupo. Kama kuna anayetaka kuuza kwa nguvu na shamba lina hati, wekeni zuio katika ofisi ya ardhi, sheria inaruhusu.

Kwa vijana wenzangu, hasa wa boda: ninyi ndio mnaoitwa usiku. Ninyi ndio mnaombeba anayetumwa. Kataeni, na mkikataa semeni.

Na kwako wewe unayesoma: ikikufikia sauti ya wasap inayomtaja mzee wa watu, usiisambaze. Ihifadhi, ni ushahidi. Ukiona karatasi ya vitisho, ipige picha. Piga 999 au 112. Kisha toka nyumbani, nenda kwa huyo mzee, kaa naye, unywe naye chai mahali ambapo kila mtu anapita na anaona. Muuaji anataka mzee asiye na mtu.

Sisi wenyewe, tukipewa umri na Mungu, tutaota mvi. Tutasahau majina ya wajukuu, macho yatakuwa mekundu, tutaongea na marehemu wetu barazani jioni. Kijiji tunachokitengeneza leo ndicho tutakachozeekea.

Mzee gani kijijini kwako anayelala na hofu usiku wa leo? Usiandike jina lake hapa. Nenda.

#MviSiUshahidi